Doa kwenye Boneti ya Ngosha

Masalu alikuwa mtu wa kuamini nguvu. Katika kiwanda cha kuchambulia pamba, alikofanya kazi miaka tisa kabla ya kupunguzwa pamoja na wenzake, aliwahi kumvunja mnyapara jino kwa sababu ya neno moja, na baada ya mwezi neno lenyewe hakulikumbuka tena. Alichokumbuka ni mlio wa jino. Basi siku aliposimama mbele ya meza ya duka la vifaa pale Nyamagana, mwaka wa tisini na tano, akiwa na malipo yake ya kuachishwa kazi katika mfuko wa ndani wa shati, hakutafuta mashine iliyo bora. Alitafuta mashine iliyo kali.

Magari yalikuwa yameanza kumiminika mjini Mwanza. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, minofu ya sangara ilikuwa ikisafiri kwa ndege, na kila aliyeshika fedha kidogo alijinunulia gari la Kijapani lililokwisha kuchoka huko lilikotoka. Magari hayo yalifika yakiwa yamefifia kama kitenge kilichofuliwa na kuanikwa juani mwaka mzima. Mtu wa kuyarudishia mng'ao asingelala njaa. Jambo hilo Masalu aliliona mapema kuliko wengi, na si haki kumnyima sifa hiyo.

Alikuwa amemwomba mzee Perez Okwach amsindikize dukani. Okwach, Mjaluo kutoka Shirati, alikuwa fundi rangi wa miaka mingi katika uwanja wa mafundi pale Igogo. Kazi yake aliifanya kwa kitambaa, kwa kampaundi ya kopo, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, na kwa mkono wake. Lakini katika ujana wake, katika karakana moja ya Kisumu, alikuwa ameishika mashine ya kupigia polishi muda wa kutosha kuiheshimu.

Mwenye duka alizitoa mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo. Pedi yake ilizunguka na papo hapo ikachezacheza huku na huko, kama mtu apepetaye mchele.

"Hii ukiikandamiza inapunguza mwendo yenyewe," alisema mwenye duka. "Haiunguzi rangi. Ni nzuri kwa anayeanza."

Masalu aliweka kiganja juu ya pedi, akakandamiza, nayo ikaacha kuzunguka. Akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Mashine gani hii inayoshindwa na kiganja? Hata mke wangu hashindwi kirahisi hivi."

Ya pili ilikuwa nzito, yenye mpini ubavuni na pedi ya sufu pana kama sahani. Ilipowashwa ilinguruma hadi glasi za taa zikatetemeka katika rafu. Hiyo ilizunguka upande mmoja tu, bila kuchezacheza, bila huruma.

"Chukua ile ndogo," alisema Okwach kwa sauti ya chini. "Rangi ya gari ni nyembamba kuliko ukucha wako, kijana. Hii kubwa inamtaka mtu aliyekwisha kuharibu magari mengi."

"Mzee, usinifanye mwanafunzi mbele za watu." Masalu alimgeukia mwenye duka. "Nimepiga polishi Dar es Salaam miaka mitatu. Nifungie hiyo kubwa."

Ukweli ni kwamba Dar es Salaam alikuwa amekaa siku tisa, kwenye msiba wa dada yake, na mashine ya namna hiyo aliiona kupitia ua wa karakana. Okwach aliujua ukweli huo, kwa kuwa mchango wa nauli ya msiba ule aliutoa yeye. Lakini alikuwa amelelewa akijua kwamba mtu mzima hamvui mwenzake nguo dukani.

Walirudi Igogo. Habari ya fundi kutoka Dar ilitangulia, kwa sababu Masalu mwenyewe aliisema tena langoni, kwa sauti, na tena kwenye benchi la mafundi wa welding. Uongo uliosemwa mara tatu humganda msemaji kama gundi. Hata hivyo Okwach alimtafutia boneti ya gari bovu lililokuwa likiozea nyuma ya uwanja, akailaza juu ya mapipa mawili, akamwonyesha.

"Kwanza ioshe, kisha ioshe tena. Chembe moja ya mchanga ndani ya sufu ni kisu. Kingo zote zibandike utepe wa karatasi wenye gundi, maana kwenye kingo rangi ni haba. Kampaundi kidogo. Pedi ikae juu ya rangi kwanza, ndipo uwashe. Usisimame mahali pamoja. Usikandamize, uzito wa mashine unatosha. Kila mara gusa kwa mgongo wa mkono. Pakiwa pa moto, ondoka. Na waya upitishe begani."

"Umemaliza mahubiri?"

"Nimemaliza."

Masalu aliwasha mashine ikiwa hewani. Kampaundi ilimruka usoni na kwenye shati la fundi wa jirani. Aliishusha kwa nguvu, pedi ikauma ukingo, waya ukanaswa, na mashine ikaruka mikononi mwake kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Mpini ulimpiga kidevuni. Alianguka chali, na damu ikaanza kumchuruzika shingoni, huku mashine ikijikokota chini ikirusha vumbi hadi mtu mmoja alipochomoa plagi.

Uwanja mzima ulicheka.

"Dar hiyo ya wapi, jamani?" aliuliza mmoja. "Dar ya Ukerewe?"

Okwach peke yake hakucheka. Alisema tu, "Nilikuambia waya uupitishe begani."

Neno hilo la kweli lilimchoma Masalu kuliko kicheko. Aliinuka, akakinyakua kitambaa kilichokuwa begani kwa mzee, akajifutia damu, kisha akainama akafutia viatu vyake, cha kushoto na cha kulia, taratibu, watu wakitazama. Akakitupa mferejini.

"Miaka yote unasugua magari ya watu kwa tambara. Nenda kasugue masufuria."

Okwach aliinama kukiokota. Masalu alimsukuma kwa mguu, na mzee wa miaka sitini na saba akaangukia mferejini kwa magoti na viganja.

Hakuna aliyecheka tena. Hakuna aliyesema kitu pia, na hiyo ni aibu ya uwanja ule hata leo. Okwach alisimama, akakikamua kitambaa, akachukua kopo lake na kiti chake kidogo, akavuka reli na kwenda kufanyia kazi kwenye uwanja mwingine. Dorotea, mke wa Masalu, aliyekuwa akipika ugali na samaki karibu na lango, aliyaona yote. Jioni alimwekea mumewe chakula na kumwambia, "Leo umempiga teke baba wa watu." Masalu alirusha sahani ukutani. Ilipasuka vipande vitatu, na Dorotea akaviokota bila kuinua macho.

Kwa siku nne Masalu alijifunza peke yake juu ya boneti ile mbovu. Mkono wake ulizoea uzito. Mashine iliacha kumrukia. Hicho ndicho alichokiita kujua kazi.

Siku ya Jumatano akaja Ngosha.

Ngosha alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Kisesa, na zaidi ya hapo alikuwa kiongozi wa ngoma. Jumapili ile, kwenye sikukuu ya Ekaristi, kundi lake lilikuwa likutane na kundi la Mayala uwanjani Bujora, na maelfu ya watu wangechagua kwa miguu yao: anayevuta watu wengi zaidi upande wake ndiye mshindi. Watu wa Mayala na watu wa Ngosha walikuwa wakishindana tangu enzi za baba zao, na kila mtu alijua kwamba marehemu baba yake Masalu alikuwa mpiga ngoma wa upande wa Mayala.

"Shikamoo, mzee," alisema Masalu.

"Marahaba. Nasikia umetoka Dar na mashine."

"Ndiyo, mzee. Miaka mitatu."

"Baba yako alikuwa mpiga ngoma hodari. Alitusumbua sana." Ngosha alicheka, akagonga mlango wa pikapu yake ya buluu iliyokolea. "Jumapili nataka watu wajione sura zao kwenye milango hii. Boneti iko sawa. Boneti usihangaike nayo."

Aliondoka. Masalu aliitazama boneti. Haikuwa sawa hata kidogo. Karibu na kioo cha mbele palikuwa na doa jeusi, pana kama kiganja, gumu kama lami, na kando yake vidoa vinne vidogo. Aliona maana moja tu: mzee huyu ananidharau, anadhani doa lile limenizidi uwezo.

Hakujua, na hapakuwa na wa kumwambia, kwamba doa lile lilikuwa dawa ya kuvuta watu, iliyopakwa na mjomba wake Ngosha, mganga wa Magu, kabla ya kila shindano kwa miaka minane; kwamba mganga huyo alikwisha kufariki mwaka uliotangulia; na kwamba hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua mizizi iliyomo. Jambo kama hilo mwenyewe halitangazi. Likitajwa kwa mdomo, wasema wenye kuliamini, limekwisha. Mimi niliyefundishwa katekisimu tangu utoto siliamini. Lakini nimeona wanaume wakubwa wakitetemeka kwa ajili yake, na kutetemeka kwao hakukuwa kwa mchezo.

Alhamisi Masalu aliiingiza pikapu chini ya paa la mabati, akaanza kazi asubuhi. Mlango wa kwanza ulimtii. Ukungu mweupe wa jua la miaka mingi uliondoka chini ya sufu, na buluu ikatoka ndani kama ziwa kunapopambazuka. Alisimama akatazama uso wake mwenyewe katika mlango, na kwa muda mfupi alikuwa mtu mwema. Alifanya mlango wa pili, akafanya ubavu wa nyuma. Utepe wa karatasi hakuubandika popote, maana aliona unachelewesha.

Saa sita alifika kwenye madigadi ya mbele. Pale kwenye ukingo palikuwa na mkwaruzo. Alisimamisha mashine juu yake, akakandamiza. Harufu ya kuungua ilimfikia kabla ya kuona. Aliponyanyua pedi, buluu haikuwepo tena. Palikuwa na doa la kijivu la ukubwa wa sarafu, rangi ya chini imetoka nje, na pembeni mwake bati likimeremeta. Alitukana. Alitazama huku na huku, akachukua kopo la rangi ya viatu, akapaka kwa kidole mpaka kijivu kikapotea kivulini.

Alirudi kwenye mashine na hasira mpya, hasira ya mtu aliyejikosea mwenyewe. Macho yake yakaangukia doa la boneti. Akalishambulia. Alikandamiza kwa kifua na mabega, robo saa nzima, na harufu ya ajabu ikapanda, ya samli ya zamani na mizizi iliyoungua. Doa likawa kahawia, likawa kivuli, likaisha. Vile vidoa vinne vikafuata. Masalu aliuzima mngurumo akapangusa jasho. Alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na msikilizaji, "Sasa aje aniambie nisihangaike."

Ngosha alikuja Ijumaa saa tisa alasiri pamoja na vijana wake wanane. Walitoka moja kwa moja mazoezini, na kila mmoja alikuwa na fimbo yake ya kuchezea. Aliyewaongoza aliitwa Shimba, mwembamba, mwenye macho yasiyopepesa, aliyekuwa akimbebea Ngosha kigoda cha kukalia.

Ngosha alipitisha mkono kwenye milango. Alitabasamu. "Dar wanajua kazi," alisema. Alizunguka mbele ya gari. Kisha tabasamu likamtoka usoni, taratibu, kama maji yanapokauka juu ya jiwe.

Aliweka kiganja pale lilipokuwa doa. Akakiinua, akakitazama, akakiweka tena.

"Shimba," alisema.

Fimbo ya kwanza ilimpata Masalu shingoni. Aligeuka, akampiga Shimba ngumi ya mdomo, maana hakuwa mwoga. Akampiga wa pili tumboni. Ndipo fimbo saba zikamshukia pamoja. Alipigwa mabega, akapigwa magoti, akaanguka juu ya makopo yake ya kampaundi. Alisikia ubavu ukilia ndani yake. Mafundi wengine walizima mashine zao mmoja mmoja na kuanza kukusanya vifaa, wakipita mbali, macho yao yakiwa chini. Yule aliyeuliza habari za Dar ya Ukerewe alikuwa wa kwanza kutoka langoni.

"Mayala amekupa nini?" aliuliza Shimba, akitema damu. "Ng'ombe wangapi?"

"Hakuna! Sijamwona Mayala!"

"Baba yako alikuwa wa Mayala. Wewe unakuja na mashine kutoka Dar, juma moja kabla ya Bujora. Unaambiwa boneti usiguse. Unagusa boneti. Halafu hujamwona Mayala!"

"Nilidhani ni lami!"

"Fundi wa miaka mitatu hajui lami?"

Walicheka. Hapo ndipo Masalu alipoona mahali alipojifungia. Kadiri alivyokuwa fundi hodari, ndivyo alivyokuwa mhaini. Mtu ajuaye kazi yake hafuti kitu kwa bahati mbaya.

"Mimi si fundi!" alipiga kelele. "Sijui kitu! Nimenunua mashine wiki iliyopita!"

"Leo si fundi," alisema mmoja wao. "Jana alikuwa fundi. Sikieni, jamani, fimbo zinasahaulisha watu kazi!"

"Basi tumkumbushe," alisema Shimba.

Wanne walimshika, wakaukaza mkono wake wa kushoto juu ya tairi. Shimba aliichukua mashine. Sufu ilikuwa imekauka na kampaundi, ngumu kama msasa. Aliiwasha. Masalu aliona pedi ikigeuka ukungu mweupe, akasikia ule mngurumo alioupenda dukani, kisha Shimba akaiweka juu ya mgongo wa mkono wake na kuegemea.

Sauti iliyomtoka Masalu hakuitambua kuwa ni yake. Ngozi iliondoka kama maganda ya kiazi kilichochemshwa. Kupitia machozi alimwona Dorotea akisimama langoni, mwiko mkononi. Akamwona akiutupa mwiko na kukimbia, si kwake, bali kuelekea reli. Alifikiri: hata yeye amenikimbia. Na katika hali ile aliona kwamba angekuwa na haki.

"Nani alikutuma?" aliuliza Shimba.

"Hakuna."

Mashine ikashuka tena. Mara hii iligusa hadi nyama.

"Zima," alisema Ngosha. Alikuwa bado amesimama mbele ya boneti, kiganja juu yake, uso wake umekuwa wa majivu. "Hatasema. Mpelekeni nyuma ya yale magari mabovu mmalizie huko. Mimi sitaki kuona."

Masalu alielewa neno *mmalizie*. Walimkokota kwa makwapa, visigino vikichora mistari mavumbini.

"Hodi hapa," alisema mtu.

Perez Okwach aliingia langoni bila kukimbia, kitambaa begani, Dorotea akihema nyuma yake. Aliwapita vijana wenye fimbo kana kwamba ni miti, akamwendea Ngosha.

"Habari za mchana, bwana Ngosha. Mimi ni Okwach, fundi rangi. Nimeambiwa mnamwua mtu kwa sababu ya boneti."

"Mzee, haya si mambo yako. Wewe si wa huku."

"Ndiyo maana nimekuja. Sina ngoma kwenu, sina Mayala, sina Ngosha. Najua rangi tu. Niruhusu nitazame gari."

Ngosha aliondoa kiganja kwenye boneti, na Okwach akakichukua kitendo hicho kuwa ruhusa. Aliinama kwenye milango, akaenda kwenye boneti, akainusa. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa madigadi. Rangi ya viatu ilitoka, na doa la kijivu likafunguka kama jicho. Aliunyoosha ukucha mweusi mbele ya uso wa Ngosha.

"Hii ni rangi ya viatu. Sasa lisukumeni gari juani."

"Kwa nini?"

"Lisukumeni, utaona."

Vijana walitazamana. Ngosha aliinua kidevu, wakalisukuma. Pikapu ilitoka chini ya mabati, na jua la Juni likaishukia.

Kile kilichokuwa kioo kivulini kikageuka kitu kingine. Gari zima lilikuwa limejaa duara juu ya duara, mikwaruzo myembamba isiyohesabika, milango, ubavu, boneti, kama magamba ya sangara mkubwa. Haikuwepo sehemu ya kiganja kimoja iliyosalimika.

"Yesu na Maria," alisema mmoja wa vijana. Mwingine aliguna, kisha akashindwa kujizuia, akacheka.

"Hiyo ni kazi ya mtu anayeanza," alisema Okwach. "Hakuosha vizuri, mchanga umekaa ndani ya sufu. Alikandamiza. Hapa ameunguza mpaka bati, akaficha kwa rangi ya viatu kama mtoto aliyeiba sukari. Mtu akitumwa kufuta doa moja, bwana Ngosha, anakuja na tambara lenye petroli, anafuta, anakwenda zake. Nusu dakika imemtosha. Huyu amekaa siku nzima akiliharibu gari lako kwa bidii. Dar es Salaam alikwenda kuzika dada yake. Nauli nilimchangia mimi."

Ngosha alilitazama gari muda mrefu. Kisha alimtazama Masalu, aliyekuwa amelazwa mavumbini, mkono wake wa kushoto ukivuja.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Masalu. "Sikufanya kazi Dar hata siku moja. Mashine hii nilishauriwa nisiinunue. Nilidanganya dukani, nikadanganya langoni, nikakudanganya wewe. Mimi sijui kazi hii."

Neno hilo alikuwa amelisema tayari, akipiga kelele, wala halikumgharimu kitu wakati ule, kwa kuwa alilisema kwa maumivu. Sasa alilisema polepole, mkewe akisikia, na kila neno lilipita kooni kama mwiba wa samaki.

"Mwacheni," alisema Ngosha.

Shimba hakuachia. "Mzee, na dawa je? Jumapili je?"

Neno lilikuwa limetajwa kwa mdomo. Ngosha alifumba macho, akayafumbua.

"Jumapili tutacheza kwa miguu tuliyo nayo," alisema. Lakini Masalu, akiwa chini, aliona magoti ya mtu yule mkubwa yakitetemeka ndani ya suruali.

Walimwachia. Ngosha akamgeukia Okwach.

"Huyu ni ndugu yako?"

"Hapana. Wiki iliyopita alifutia viatu vyake kitambaa changu hiki, akanisukuma kwa mguu kwenye mfereji ule pale, mbele za watu."

"Na bado umekuja kumtetea?"

"Sikuja kumtetea. Nimekuja kusema kilichopo."

Ngosha aliichukua fimbo mkononi mwa Shimba, akaigeuza, akampa Okwach upande wa kushikia.

"Vijana wangu wamempiga kwa kosa ambalo hakulitenda," alisema. "Alilolitenda halijapigwa bado."

Masalu alimtazama mzee, akitumaini kile ambacho wengi wetu hukitumaini kwa wazee: kwamba angeirudisha fimbo na kusema amesamehe. Okwach aliipima fimbo kwa mkono.

"Simama," alisema. "Mtu mzima hapigwi amelala."

Masalu alisimama, akiyumba, ubavu ukimchoma kila alipovuta pumzi.

"Nyoosha mkono. Si huo. Wa kulia, ndio uliochukua kitambaa."

Akaunyoosha. Okwach aliinua fimbo hadi juu ya bega na kuishusha mara moja, kwa nguvu zote za mkono uliosugua magari tangu kabla ya uhuru. Kiganja kilipasuka katikati. Masalu, aliyekuwa amepigwa na wanane akiwarudishia ngumi, alilia kwa sauti kama mtoto wa shule, na hakujaribu kujificha.

Okwach alimrudishia Ngosha fimbo yake, akakiweka sawa kitambaa begani.

"Mama, mpeleke hospitali," alimwambia Dorotea. "Mkono wa kushoto usiufunge kwa kitambaa kikavu, kitaganda."

Kisha akaelekea langoni.

"Shikamoo, mzee," alisema Masalu nyuma yake, mikono yote miwili ikiwa mbele yake kama ya mtu anayepokea maji.

Okwach alisimama. Watu wote waliokuwa uwanjani walisubiri lile neno moja la kuitikia, ambalo hata adui hanyimwi. Mzee alitazama reli, akavuka, na Dorotea akamshika mumewe kiwiko ili waanze kutembea.